Sungura wa Bibi Haombi Msamaha

Mwanangu Riziki,

Barua hii itakukuta Kitui, inshallah, kwa sababu nimeificha chini kabisa ya begi, na nakujua wewe hutafika chini ya begi kabla hujafika huko. Sasa hivi alasiri imepita kidogo. Umekwenda Msambweni kumuaga shangazi yako, baba yako amepeleka zipu ya begi la pili kwa fundi, nami nimebaki na nyumba na kuku. Kesho alfajiri unapanda basi, mwalimu mpya wa watoto wa darasa la kwanza.

Habari za kuchemsha maji, za kufunga mlango na za watu wa kuwatazama mara mbili sitaziandika. Jana ulizimalizia mwenyewe sentensi zangu, moja baada ya nyingine, ukacheka mpaka ukakaa chini. Nikaona basi, zimeingia. Kuna jambo jingine ambalo sijakwambia kwa miaka kumi na sita, na hili siwezi kulisema ukiwa mbele yangu kwa sababu utanitazama.

Humo begini utalikuta lile daftari lenye jalada la kaki. Hadithi za bibi yako Mejumaa ziko ndani, kumi na moja, za Sungura na Fisi na Kobe na jamaa zao. Kumi zimekamilika. Ya kumi na moja, ile ya Sungura na Kaa, inaishia katikati ya ukurasa, kisha karatasi ni nyeupe mpaka mwisho. Wewe peke yako ndiye uujuaye mwisho wake. Mimi, niliyefundisha chekechea hapa Gazi tangu hujazaliwa, siujui. Upande wako wa kisa hiki unaujua vizuri. Wangu hujawahi kuusikia, ndio huu.

Ulikuwa na miaka saba kasoro. Kabati la vitabu pale shuleni lilikuwa na vitabu vya dubu waliovaa skafu wakiteleza kwenye theluji, na watoto wetu waliniuliza kama ile theluji ni chumvi. Mwalimu mkuu akaniambia, "Mama Riziki, si una mavyaa nyumbani? Andika hadithi za kwetu, tuwasomee." Nikafurahi kweli. Asubuhi yake, saa nne, nikamwendea bibi yako jikoni na daftari jipya na kalamu mbili.

"Mama, nipe ile ya Fisi na mazishi."

Akanitazama kama niliyeomba uji wa daku saa sita mchana. "Mwanangu, hadithi haitolewi mchana. Mwenye kuitoa mchana huota mkia."

"Hizo ni dhana tu, Mama."

"Basi dhana na ikae. Na wewe kaa, ule muhogo."

Ikanibidi ningoje magharibi. Kila siku baada ya swala akaketi barazani, wewe ukiwa mapajani pake, akasema Paukwa, ukaitikia Pakawa, nami nikaandika mpaka vidole vikaniuma. Alinipa kumi namna hiyo. Hakuniuliza nazitaka za nini. Alinipa tu, kama mtu anavyokupa maji.

Nami nilifanya nini? Nilizisafisha. Nilikuwa nimetoka kwenye semina, Riziki, nami nilikuwa na kichwa cha semina. Nilijiambia kwamba watoto watajifunza nini kwa Sungura mwongo, mwizi, asiyeadhibiwa hata siku moja? Nikaketi mezani, nikamtengeneza. Mahindi aliyoiba akayarudisha. Maneno ya matusi aliyomwambia Fisi nikayafuta. Fisi naye nikampeleka kuoga, akaacha ulafi. Nilijiona nimefanya kazi ya maana, hata nikapiga mistari kwa rula.

Siku ya kusoma nilivaa baibui langu zuri. Nikafika pale Sungura anapolia na kusema, "Nisamehe ndugu yangu, sitarudia tena," na nilipoinua macho nikaona mmoja amelala, wawili wanang'oa miyaa ya mkeka, na wewe umesimama.

"Mwalimu," ukasema, maana nilikuwa nimekukataza kuniita mama darasani, "huyo si Sungura wa bibi. Sungura wa bibi haombi msamaha."

Darasa zima likaamka. Nami nikakutoa nje. Nikakushika mkono, binti yangu, nikakuweka nyuma ya mlango kwa kosa la kusema kweli, kisha nikarudi kwenye Sungura wangu aliyekuwa akilia. Baada ya muda nikaona vichwa vyote vimegeukia dirishani. Ulikuwa umening'inia pale kwa viwiko, unasimulia ile yenyewe, sauti ya Fisi ukiitolea puani, na watoto wamekufa kwa kicheko. Nililifunga dirisha. Mpaka leo nikiukumbuka ule mlio wa komeo naona haya.

Jioni nikakukuta nyuma ya nyumba unajipapasa mgongo. Hukuwa na hofu yangu hata kidogo, hofu yako ilikuwa mkia, kwa kuwa ulikuwa umesimulia mchana. Bibi yako akainua gauni, akatazama kwa makini kama mtu anayechagua embe, akasema, "Bado. Lakini usiringe." Kisha ukamweleza yote. Aliponigeukia hakupandisha sauti.

"Mama Riziki, umemkata Sungura masikio. Sasa ni paka."

Neno la kusema nilikuwa nalo, ni moja na ni fupi, lakini halikutoka.

Ijumaa iliyofuata akatoka chumbani na leso mpya, ya manjano na nyeusi. Macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye maandishi: ASANTE YA PUNDA NI MATEKE. Wewe ni mtoto wa pwani, sina haja ya kukufafanulia. Hakuna mwanamke wa huku anayejifunga leso bila kujua inasema nini na inamwambia nani. Nilijua punda ni mimi. Nimepewa hadithi kumi, nimerusha mateke. Lililonichoma zaidi ni kwamba alikuwa na haki.

Basi nikaenda Kombani siku ya soko. Nikapekua mafungu matatu mpaka nikaipata niliyoitaka: AKUFUKUZAYE HAKWAMBII TOKA. Nikaivaa, nikaja kuketi mkabala naye, nikaikunjua vizuri upande wa maandishi. Bibi yako akaitazama juu hadi chini.

"Leso nzuri," akasema. "Rangi imekukubali."

Ah, Riziki! Nilidhani nimedharauliwa mpaka mwisho wa dharau. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa shikamoo na marahaba tu. Chakula nilipakua, maji ya kuoga nilimpelekea, lakini mazungumzo niliyafunga kama lile dirisha. Yeye aliongea nami kama kawaida, nami nikaiita hiyo kawaida yake kejeli.

Kisha ukaugua tetekuwanga. Siku tatu ulilia, unataka hadithi, na jua liko utosini. Siku ya nne nikarudi kutoka shule adhuhuri, nikakuta nyumba kimya, na kitandani kwako kuna kichuguu cha manjano na nyeusi. Bibi yako alikuwa amejifunika leso yeye na wewe, gubigubi.

Nikamsikia akisema, "Unaona jua?"

"Sioni, bibi."

"Basi ni usiku. Paukwa!"

Mwanamke yule hakuwahi kuvunja mwiko maishani mwake, na hakuuvunja siku hiyo pia. Alikutengenezea usiku wako mwenyewe. Nami nikasimama mlangoni, viatu mkononi, nikasikiliza.

Zamani, alisema, Sungura alikuwa na mkia mrefu, wa kujizungushia kiunoni. Siku moja alikula kunde za Fisi, zote, na maganda akampelekea salamu. Fisi akamfukuza kutoka vilima vya Shimba mpaka mikokoni. Maji ya bahari yalikuwa yametoka. Sungura akajichimbia kati ya mizizi, akachutama, hakujua kwamba mikokoni kila tundu lina mwenyewe. Mkia wake ukaingia nyumbani kwa Kaa. Kaa akaubana kwa gando lake kubwa. "Nani anaingia kwangu bila hodi?" Sungura akavuta, Kaa akabana. Na maji yakaanza kurudi. Fisi amesimama ukingoni, miguu mirefu, hana haraka. Nyuma Kaa, mbele Fisi, maji yamefika magotini, yamefika tumboni, yamefika kidevuni. Sungura akafikiri. Kisha akamwita Fisi kwa adabu sana, akamwambia neno moja.

Hapo ubao wa kizingiti ukalia chini ya mguu wangu. Leso ikatulia. Nikasikia mnong'ono, mrefu kiasi, sikioni mwako, kisha ukapasuka kwa kicheko, ukacheka mpaka ukaanza kukohoa, na bibi yako naye akacheka, kitanda kikawa kinatikisika. Nikasimama pale mlangoni nikiwa mgeni nyumbani kwangu.

Usiku wa leso ulipokwisha nikakuuliza jikoni, nikijifanya sina haja sana. "Sungura alimwambia nini Fisi?"

Ukanijibu huku unajikuna, "Bibi amesema, mama akitaka mwisho aje mwenyewe aombe."

Nami nikasema, nakumbuka neno kwa neno, "Mimi sina wakati wa mambo ya kitoto." Mimi, mwalimu wa chekechea!

Sikuomba. Ila kuna jambo nililifanya, nalo hukulijua. Wiki ile ile nilizichana kurasa zangu za rula na kuandika upya hadithi zote kumi kama zilivyotoka kinywani mwake, mahindi yakiwa yameibwa, matusi yakiwa mahali pake. Ile ya kumi na moja nikaiandika mpaka pale ubao ulipolia. Nikaenda kuwasomea watoto, wewe ukiwa bado unaugua nyumbani. Pale Sungura alipomvisha Fisi sanda akiwa hai, Riziki, walianguka mikekani. Mtoto ambaye hakuwahi kufumbua kinywa tangu Januari alinishika baibui akasema, "Tena." Neno lake la kwanza darasani lilikuwa hilo. Unalikumbuka hilo daftari kwa sababu miaka yote liliombwa mpaka jalada likabadilishwa mara nne.

Jioni ya siku hiyo nikampikia bibi yako mkate wa sinia, nikaweka na iliki ya ziada. Ndivyo sisi tunavyoomba radhi, kwa sinia, mdomo tukiuacha nyuma. Akala kipande, akasema, "Umeiva." Akala cha pili. Naamini alielewa. Lakini kuelewa kwake hakukuniondolea mimi deni la kusema. Kila nilipotaka kumwambia, "Mama, ulikuwa na haki, nami naomba mwisho," naiona ile leso ya punda iko kwenye kamba ya nguo inanicheka, nami nasema kesho. Kesho hizo zilifika mpaka ukawa darasa la saba, na bibi yako akatutoka siku ya Alhamisi, usingizini, bila kumsumbua mtu.

Sasa sikia hili. Siku ya tatu ya matanga tulikuwa tunakunja nguo zake, mimi na baba yako. Nikaishika ile leso, machozi yananitoka. Baba yako akasema, "Hiyo nilimnunulia mimi. Kombani. Nilikuwa nakimbilia gari, nikachukua ya juu."

"Hukusoma?"

"Kwani leso husomwa?"

"Na yeye? Hakuuliza inasema nini?"

Akanishangaa. "Mama alisoma Kurani tu, herufi hizi zetu hakuzijua. Alisema ni nzuri, inafanana na ndizi iliyoiva. Kwani imeandikwa nini?"

Nilicheka. Nilicheka katikati ya matanga mpaka wanawake wakanitoa nje wakanipa maji, wakidhani uchungu umenipanda kichwani. Na kweli ulikuwa uchungu. Nilikuwa najua hajui kusoma herufi hizo, na yangu nilidhani atasomewa na majirani. Lakini nilijua pia kwamba muuza leso humsomea kila mnunuzi, na haikunipitia akilini hata mara moja kwamba mnunuzi anaweza kuwa mwanamume. Miaka yote hiyo niligombana na kitambaa. Yeye alikuwa ananiambia rangi imenikubali, na alimaanisha rangi imenikubali.

Baada ya hapo ningeweza kukuuliza wewe. Nilikuwa naona haya. Ningeanzaje, na wewe ulikuwa bado unamlilia? Halafu ukaenda sekondari, ukaenda chuo, na mimi nikajaribu kuutunga mwisho mwenyewe. Nimetunga kama tisa. Nimemfanya Sungura amdanganye Fisi kwamba Kaa amemletea posa. Nimemfanya alie, aimbe, ajifanye maiti. Watoto husikiliza kwa heshima, kisha mmoja lazima aseme, "Mwalimu, huo wa kutunga." Sijui wanajuaje, lakini wanajua.

Ndio maana siogopi watu wanaposema watoto wa siku hizi hawataki hadithi hizi, wamezama kwenye simu. Nilionao mwaka huu wanamjua simba-marara na pengwini kuliko wanavyomjua kicheche. Fisi wananiuliza kama ni mbwa wa nani. Lakini nikisema Paukwa wanasogea, wote, mpaka magoti yao yananigusa. Muhula uliopita, nilipofika pale maji yanapofika kidevuni, mtoto mmoja aliyehamia kutoka Ukunda, wazazi wake watu wa bara, akainua mkono: "Ticha, si Sungura angemblock tu huyo Fisi?"

Mkono wangu ulitaka kwenda kwenye komeo la dirisha, nakuapia. Nikakukumbuka wewe ukining'inia. Nikamwambia, "Haya, Sungura amemblock Fisi. Na Kaa, aliyeshika mkia?" Akafikiri. Wa pili akasema Kaa hana simu, ana gando, hawezi kubonyeza. Wa tatu akasema shosho yake, yaani bibi yake, anamjua Sungura huyo huyo lakini kwao hakufika baharini. Wakabishana mpaka kengele ya uji, na wengine hawakwenda kunywa uji. Nilifurahi mpaka nikawa nataka kukupigia simu chuoni, lakini ilikuwa mchana.

Huko Kitui utawakuta watoto ambao bibi zao wana Sungura wao, kwa jina lao na tabia zao. Usiwapelekee wetu kama mgeni wa heshima. Mfanye abishe hodi, na waulize wa kwao hufanya nini. Na mtoto akisimama akakwambia huyo siye, tafadhali, mwanangu, mwache asimame pale pale ndani.

Lakini barua hii si ya kukufundisha kazi. Kazi hiyo uliianza nje ya darasa langu ukiwa na meno mawili ya mbele hayapo. Nakuandikia kukushukuru. Nakushukuru kwa kuniambia kweli mbele ya watu. Nakushukuru kwamba ulihifadhi kile ulichoambiwa ukihifadhi, hukukitapanya, hata kwangu, ingawa nilikulisha na kukuogesha na ungeweza kukiuza kwa andazi. Namshukuru Mungu kwa mavyaa yule, aliyenipa kumi bure na moja akaniwekea kwa mtu mwaminifu. Na nashukuru kwamba mimi, niliyekufungia dirisha, ndiye ninayekukunjia nguo leo unapokwenda kufungua mengine. Sikustahili, nimepewa.

Barua umeikuta ndani ya leso. Umeshaiona rangi yake, manjano na nyeusi. Ulipokuwa unaugua ilikuwa doti nzima, vipande viwili havijatenganishwa. Leo nimeikata katikati nikaipinda, kipande kimoja chako, kimoja changu. Changu ndicho chenye tone la kalamain, ile dawa uliyopakwa kwa tetekuwanga. Usikivae shuleni, walimu wenzako watadhani unawasema. Kina kazi moja tu, na watoto watatu wadogo wanaenea chini yake, labda wanne.

Adhana ya magharibi inaadhiniwa na nasikia viatu vyako uani, kwa hiyo naandika haraka. Kesho ukishafika, ukishakula, nipigie baada ya swala. Usianze na shikamoo. Anza na Paukwa. Mimi nitakuwa kitandani pako, nimejifunika kipande changu gubigubi, daftari sina lakini kalamu ninayo.

Bibi alisema nikitaka mwisho nije mwenyewe niombe. Nimechelewa, lakini nimekuja. Mwanangu, naomba.

Mama yako